Binti Mwenye Akili Pungufu: Nani Amlinde, na kwa Njia Gani?

Imamu Muslim amepokea katika Sahihi yake, kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), habari ya mwanamke mmoja wa Madina ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Mwanamke huyo alimjia Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa anayo haja kwake. Mtume hakumtaka kwanza amlete mtu wa kwao mwenye akili timamu amsemee, wala hakumwambia aende zake kwa kuwa maneno yake hayana mizani. Alimwita kwa heshima, kwa jina la mama wa fulani, kama aitwavyo kila bibi mwenye hishima zake mjini, akampa khiyari achague njia aitakayo katika njia za mji ili apate kumtimizia haja yake. Kisha akasimama naye katika njia hiyo mpaka alipokwisha kusema yote aliyokuwa nayo.

Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho, ametanabahisha kwamba kusimama huko hakukuwa faragha iliyokatazwa baina ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake, kwani walisimama katika njia wapitayo watu. Watu waliwaona, ingawa hawakusikia yaliyosemwa.

Ndugu msomaji, katika habari hiyo fupi mna mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo asili ya mambo yote nitakayoyataja katika makala hii. La kwanza, mwanamke yule alisikilizwa mpaka mwisho. La pili, alisikilizwa mahali pa kuonekana. Dhulma inayowapata wanawake wa namna yake katika miji yetu leo huingia kwa mlango wa kukosekana moja katika mambo hayo mawili, na aghalabu huingia kwa kukosekana yote mawili.

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowazungumza. Watu wetu wamewapa majina mengi, na karibu yote ni ya kuudhi: zuzu, zezeta, taahira, punguani. Siku hizi katika ofisi za serikali na hospitali husemwa mtu mwenye ulemavu wa akili, na hilo ni jina jema. Nami nikisema mwenye akili pungufu, namkusudia mtu ambaye tangu utotoni fahamu yake yakua polepole kuliko ya wenziwe: hujifunza kwa taabu, hesabu humshinda, noti ya elfu na noti ya elfu kumi kwake ni karatasi mbili tu, na saa na siku humchanganyikia. Huyu si mwendawazimu. Mwendawazimu ni mgonjwa, na maradhi ya akili huja na hutoka na yana dawa zake. Huyu wetu hana homa ya kushushwa kwa dawa. Anachohitaji ni mafunzo ya subira na watu wema wa kukaa nao. Hata mafakihi wa zamani walizitenga hali hizi, wakasema majununi ni mbali, maatuhi ni mbali, na safihi asiyejua kuiendesha mali yake ni mbali, na kila mmoja wakampa hukumu zake.

Sababu zake ni nyingi. Wengine huzaliwa hivyo kwa jambo lililo katika chembe za urithi, wengine walikosa pumzi wakati wa kuzaliwa kwa uchungu uliochukua muda mrefu, wengine waliachwa hivyo na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na katika nchi za bara zilizo mbali na bahari upungufu wa madini joto katika chumvi na chakula umewadhuru watoto wengi kabla ya kuzaliwa. Hapana katika hayo lililo laana, wala jini. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaowapiga mabinti hawa kwa fimbo na kuwafukiza moshi mpaka wakazimia, kisha wakaiita kazi hiyo tiba. Ni katika dhulma hizo hizo ninazozizungumza.

Na dhulma hizo si za namna moja. Yuko anayefungwa kamba mguuni mchana kutwa. Yuko anayefanyishwa kazi ya watumishi watatu katika nyumba ya jamaa zake, akala makombo, na akiumwa hapelekwi kwa daktari. Yuko aliyerithi sehemu yake kwa baba yake kwa mujibu wa Qurani, kisha kidole chake kikachovywa wino na kutiwa katika karatasi asiyoijua, shamba likaenda. Lakini iliyo kubwa kuliko zote, na ambayo watu huiona haya kuitaja mpaka ikapata nafasi ya kukua, ni ya kuingiliwa kwa nguvu au kwa hila.

Mwaka 2012 lilichapishwa katika jarida la udaktari The Lancet chunguzo lililokusanya tafiti mbalimbali juu ya watoto wenye ulemavu, likiwa limefanywa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani. Lilionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili kwa kadiri ya mara 3.7 kuliko wenzao. Na wale ambao ulemavu wao ni wa akili hupatwa na ukatili wa kuingiliwa kwa kadiri ya mara 4.6. Tafiti zile zilitoka katika nchi zenye utajiri, penye daftari za kila kitu na watumishi wa kuwakagua watoto majumbani. Mimi sioni sababu ya kudhani kwamba kwetu, ambako mengi hayaandikwi popote, hali ni nyepesi kuliko hiyo.

Kwa nini awe yeye? Kwa sababu mdhalimu si mjinga. Mwizi hutazama nyumba isiyo na mlinzi, na huyu humtazama mtu ambaye akisema hatasadikiwa. Tumemfundisha binti huyu tangu utotoni kumtii kila mkubwa: kaa hapa, inuka, vua nguo uoge, nyamaza. Hakufundishwa hata siku moja kwamba kuna amri anayoruhusiwa kuikataa. Aghalabu hana shoga wa kucheza naye, basi mtu akimchekea na kumpa peremende humwona kuwa rafiki, na urafiki ndio kitu alichokikosa. Hajui majina ya viungo vyake, kwa hivyo hata akitaka kueleza lililompata hana maneno ya kulielezea. Na tangu UKIMWI ulipoingia, umeenea katika nchi nyingi uvumi mchafu kwamba mwenye virusi akimwingilia msichana bikira, au mlemavu anayedhaniwa kuwa hakuguswa na mtu, atapona. Hapana daktari asemaye hivyo, na asemaye hivyo si mganga. Mgonjwa haponi, binti naye huachiwa maradhi.

Wazazi wengi wakiyasikia haya husema: Sisi wetu hatoki nje, tumemfungia. Ewe baba, ewe mama, ufunguo wa chumba hicho uko mikononi mwa nani? Wanaowadhulumu mabinti hawa si watu wa kupita njia. Aghalabu ni watu wanaojulikana: jirani anayetumwa dukani pamoja naye, mjomba aliyekuja kwa matibabu akakaa miezi mitatu, dereva wa kumpeleka shule, mwalimu, na pengine aliye karibu zaidi ya hao. Kufuli humzuia mgeni na humfichia mwenyeji. Mtume (S.A.W.) alipowakataza wanaume kuingia kwa wanawake wakiwa peke yao, mtu mmoja katika Ansari alimwuliza juu ya jamaa za mume, naye akamfananisha jamaa huyo na mauti. Bukhari na Muslim wote wameipokea hadithi hiyo. Hakumtaja mwizi wala jambazi, bali alimtaja shemeji, ambaye hapana amwekeaye mlinzi. Sisi twaisoma hadithi hiyo tunapozungumza habari za wake zetu walio wazima, na tukifika kwa binti aliyepungukiwa na akili twaisahau, kana kwamba yeye si mwanamke.

Na hilo la kutomhesabu kuwa mwanamke ndilo chanzo cha mambo mengine. Katika pwani yetu msichana akivunja ungo hupewa somo, bibi mtu mzima wa kumweleza habari za mwili wake, za tohara ya hedhi, na za wanaume. Ni ada njema, na panapokatwa ya upuuzi hubaki elimu. Lakini nani humpa somo binti mwenye akili pungufu? Husemwa: Huyu kalamu imeinuliwa juu yake, hana sala wala saumu, afundishwe nini? Ni kweli kwamba kalamu huinuliwa kwa asiye na akili, lakini kuinuliwa kwa kalamu ni kuondolewa dhambi. Hakukuwa kamwe ruhusa ya kumnyima elimu ya kujilinda. Mwili wake umebaleghe kama wa wenziwe, na mdhalimu haulizi kama ana kalamu au hana.

Imepokewa na Abu Daud kwamba katika zama za Sayidna Umar (R.A.) aliletwa mwanamke asiye na akili timamu aliyezini, na ikaamuriwa apigwe mawe. Sayidna Ali (R.A.) akapita, akauliza habari yake, akaambiwa kuwa ni mwendawazimu wa ukoo wa fulani. Akaamuru arudishwe, akamwendea Khalifa akamkumbusha hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu, na Umar akamwachilia. Watu hutumia habari hii kwa kuonyesha elimu ya Ali na insafu ya Umar, na ni haki yao. Mimi nataka tutazame pia kwamba palikuwapo na watu waliomjua mwanamke yule, wakajua ukoo wake na hali yake, wakalisema hilo mbele za watu. Mwanamke huyo alikuwa anajulikana mjini. Je, wangapi katika wetu wamefichwa vyumba vya uani hata majirani wa nyumba ya tatu hawajui kuwa yupo? Asiyejulikana kuwa yuko, hata akitoweka hatatafutwa.

Basi afundishwe nini, na afundishwe na nani? Hapa naweza kusema kwa kazi yangu, kwani nimefundisha chuo kwa miaka mingi na wamenipitia watoto wa namna hii, wake kwa waume. Yuko aliyechukua mwaka mzima kuihifadhi Suratul Fatiha, na alipoihifadhi haikumtoka tena. Watoto hawa hujifunza kwa kurudia, kwa kutenda, na kwa maneno mafupi. Na kurudia ndiyo kazi ya chuo tangu zamani. Isitoshe, kitabu cha kwanza cha fiqhi huanza kwa mlango wa tohara. Katika mlango huo twataja tupu mbili bila ya haya, twataja hedhi, twataja sitara na mipaka yake, twataja nani aruhusiwa kuona nini. Hapana mahali pafaapo zaidi pa kumwambia binti: Hapa ni pako; hapaguswi na mtu ila mama akikuosha au daktari mama akiwapo; atakayekugusa, piga kelele, kimbia, uje uniambie. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwanamke, na chuo kisichokuwa naye kimtafute.

Viungo vitajwe kwa majina yanayofahamika. Majina ya kitoto na ya mafumbo yaliyobuniwa nyumbani hayafai, kwa sababu siku atakapoyasema kituo cha polisi hapana atakayeyaelewa. Kisha achorewe duara chini kwa chaki. Katikati asimame yeye. Duara la pili liwe la mama, baba na ndugu anaoweza kuwakumbatia. La tatu la jamaa na majirani, ambao huwapa mkono au salamu. La nne la wasiojulikana, ambao hapokei kitu kwao wala hafuatani nao. Asimamishwe humo, aulizwe: Muuza samaki yuko wapi? Ami fulani yuko wapi? Mchezo huu watoto huupenda, nao hufahamu kwa miguu yao walichoshindwa kufahamu kwa masikio. Lakini aongezewe na neno moja: hata aliye katika duara la karibu, akifanya jambo la siri na akasema usimwambie mtu, jambo hilo lisemwe. Siri ya zawadi ya Idi ni nzuri. Siri ya mwili ni mbaya.

Zaidi ya hayo, aachiwe kukataa katika mambo madogo. Akisema hataki kumpa mgeni mkono, asilazimishwe. Akisema hataki nguo hii anataka ile, apewe ile. Asiyepata kusema sitaki katika nguo na chakula, hatalipata neno hilo siku ya shida.

Pana dalili ambazo mama hana budi kuzijua. Binti aliyekuwa mkavu akaanza kukojoa kitandani. Aliyekuwa mcheshi akanyamaza, au aliyekuwa mpole akapiga na kuuma watu. Anayelia akipelekwa nyumba fulani au akimwona mtu fulani. Aliyeonekana na shilingi au kitambaa kipya na hasemi kilikotoka. Mwenye michubuko au maumivu akienda haja. Moja peke yake yaweza kuwa na sababu nyingine. Lakini yasidharauliwe kwa kusemwa kuwa ndivyo walivyo watu hawa.

Hapa sina budi kutaja jambo linalofanywa kwa siri katika nyumba zenye uwezo. Binti huchomwa sindano ya kuzuia mimba kila miezi mitatu, na wazee wakapumua wakasema sasa tumesalimika. Nani aliyesalimika? Sindano huzuia mimba tu, wala haimzuii mtu. Huiondoa alama ambayo kwayo dhulma ingejulikana, na mdhalimu akaendelea kwa amani. Kama pana hofu ya kutosha kumfanya mzazi amchome binti sindano, pana hofu ya kutosha kumfanya achunguze nani anayeingia ndani.

Wengine hukimbilia kumwoza, ama kwa dhana kwamba mume atamponya, ama kwa kuupitisha mzigo. Mume haponyi akili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, walii aliyeruhusiwa kumwoza asiye na akili amefungwa na sharti la maslaha ya mwanamke mwenyewe, si maslaha ya walii. Na wengi wa mabinti tunaowazungumza si majununi: upungufu wao ni wa kadiri, na ukiwaeleza kwa utulivu maana ya mume na nyumba hufahamu na hujibu. Huyo aulizwe, na jibu lake liwe jibu. Khansaa binti Khidam alipoozwa na baba yake hali hataki, Mtume (S.A.W.) aliivunja ndoa yake, kama ilivyo katika Bukhari. Na mchumba anayemtaka binti wa namna hii aulizwe sana anamtakia nini, hasa kama binti ana nyumba ya urithi.

Sasa tuseme lililochelewa limetokea. Jambo la kwanza ni kumsadiki na kumwambia kwamba hakukosa. Mwanamke aliyelazimishwa hana hadi juu yake, Umar (R.A.) alimpiga mwanamume aliyemlazimisha mjakazi na mjakazi hakumpiga, kama alivyotaja Bukhari. Aachwe aeleze kwa maneno yake, wala asiulizwe maswali yenye jibu ndani yake, kama: Ni fulani, siyo? Watu wenye akili pungufu wengi hukubali kila waulizwalo ili kumridhisha muulizaji, kisha wakili wa mdhalimu hulitumia hilo kuuangusha ushahidi wote. Aulizwe: Nini kilitokea? Kisha anyamaziwe.

Asioshwe. Najua kwamba mkono wa kila mama hukimbilia maji, lakini maji huondoa ushahidi. Nguo zilizovuliwa zitiwe katika mfuko wa karatasi. Wa nailoni huweka unyevu ukaziharibu. Apelekwe hospitali siku ile ile, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina faida zikianzwa baada ya saa 72. Tanzania fomu ya polisi huitwa PF3, na Kenya P3, na vituo vingi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto ambako hupatikana askari mwanamke. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kina kituo cha Mkono kwa Mkono ambacho hukusanya daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, ili mgonjwa asizungushwe. Simu ya bure 116 hupokea habari za watoto Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Na Kenya iko pia 1195 kwa wakubwa na wadogo waliofanyiwa ukatili.

Kisha huja wazee wa sulhu. Huja jioni, na tende na maneno mazuri: sisi ni jamaa moja, mambo haya yakitoka nje ni aibu yetu sote, pokeeni kiasi hiki mmtibu mtoto. Wengine husoma na aya za suluhu. Sulhu ni jambo tukufu katika deni, mpaka wa shamba na ugomvi wa mume na mke. Hapa mwenye haki ni nani? Ni yule binti, naye hakuulizwa, wala fedha hazitaingia mkononi mwake. Walii ameambiwa na Mwenyezi Mungu, katika aya ya deni iliyo katika Suratul Baqara, asimame badala ya asiyeweza kusema mwenyewe na aseme kwa uadilifu. Hakupewa amri ya kuuza haki ya asiyesema. Mdhalimu aliyelipa akaondoka hujua sasa bei yake, na nyumba ya pili itakayompata haijui.

Sheria za nchi nazo hazikuliacha jambo hili kwa wazee. Tanzania Bara, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, na ridhaa ya mwanamke asiye na akili timamu haikuhesabiwa kuwa ridhaa. Kanuni ya Adhabu ina tena kifungu cha peke yake juu ya anayemwingilia mwanamke hali anajua kuwa ni mwenye akili pungufu, na kifungo chake ni miaka 14. Ingawa maneno ya Kiingereza yaliyotumiwa na watungaji wa kale kumwita mwanamke huyo ni matusi matupu leo. Kenya, sheria ya mwaka 2006 imesema kwamba ridhaa ni kukubali kwa khiyari, kwa mtu mwenye uhuru na uwezo wa kuchagua; na imekataza kesi hizi kukomeshwa na yeyote ila mwendesha mashtaka mkuu wa dola. Baba hana uwezo wa kuifuta, wala imamu, wala chifu. Na nchi hizi mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 6 ni cha wanawake na cha 16 ni cha kuwakinga na ukatili.

Husemwa mara nyingi: Atashuhudiaje, na hajui hata siku ya leo? Sheria ya ushahidi ya Tanzania imesema kila mtu aweza kuwa shahidi, ila yule ambaye mahakama imeona hawezi kuyafahamu maswali wala kuyajibu kwa maana. Kutojua tarehe si kutojua lililompata. Anaweza kusema: ilikuwa mvua yanyesha, na mama alikwenda arusini, na hakimu mwenye bidii ataipata tarehe ndani ya maneno hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeruhusu awekwe mtu wa kati wa kumsaidia mlalamikaji kuwasiliana na mahakama. Wazazi waiombe haki hiyo kwa mdomo wao, kwa kuwa haiji yenyewe.

Imebaki habari ya siku ambayo wazazi hawapo, na ndiyo inayowakosesha usingizi wazee wenye watoto hawa. Wengi huacha neno tu: Kaka yako atakutazama. Kaka naye ana mke, na mke ana ndugu zake, na nyumba hubadilika watu kila mwaka. Aya ya 5 ya Suratun Nisaa imewakataza wasimamizi kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, na papo hapo ikaamrisha walishwe na wavishwe katika mali hiyo na waambiwe maneno mema. Basi baba aandike wasia angali na afya, amtaje wasii kwa jina, aeleze shamba au nyumba iliyo haki ya binti na matumizi yake ya kila mwezi, na Kadhi au mahakama iwe na nakala. Na pamoja na wasii amtaje mtu wa pili, awe mwanamke, shangazi au mwalimu wake wa chuo, asiyekaa nyumba ile wala kula katika mali ile. Huyo apewe ruhusa ya maandishi ya kuingia siku yoyote bila ya kutoa habari, akae na binti barazani penye watu, amwulize habari zake, na amngoje mpaka amalize.